Ramani Isiyokuona

Ukubwa wa herufi hukuambia mwandishi anaongea na nani. Chukua ramani za anga za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Tarakimu kubwa kuliko zote ni zile za bluu zilizokaa katika kila mraba: 1 kubwa, na 2 ndogo iliyoinuka kando yake. Maana yake, ndani ya mraba huu hakuna kilima wala mnara unaozidi futi 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa rubani wa ndege ndogo ambaye mawingu yameanza kumfunga macho, namba hiyo ni uhai. Kwa msee aliyesimama kwenye nyasi na rimoti ya droni mkononi, haina kazi kubwa. Namba anayoihitaji yeye imeandikwa kwa tarakimu ndogo, ndani ya mabano, kando ya alama ya mnara: tuseme 1549, na chini yake (304). Ya kwanza inapima kilele kutoka baharini. Ya mabano inapima mnara wenyewe kutoka ardhini, na ardhini ndiko droni inakoanzia.

Nilianza kuzisoma ramani hizi kwa sababu ya binamu yangu aliyeko Texas. Kule, tangu Agosti 2016, anayetaka kurusha droni kwa biashara hufanya mtihani wa maswali 60 na lazima apate asilimia 70. Hawaulizi digrii, na ukiwa na miaka 16 unaruhusiwa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikaona hiyo ni story poa. Binamu akanitumia kijitabu cha mtihani, mkusanyiko wa vipande vya ramani: Norfolk, Savannah, Minot. Nikakisoma kama ninavyosoma hadithi fupi, na manze, kuna mwandishi mle ndani.

Sarufi yake ni mistari. Mstari mzima wa bluu ni anga ya daraja B, ile ya viwanja vikubwa kabisa. Mstari mzima wa majenta ni daraja C. Bluu ya vipande vipande ni daraja D. Majenta ya vipande vipande ni daraja E inayoanzia ardhini. Halafu kuna utepe wa majenta unaofifia upande mmoja: upande huo daraja E inaanza futi 700 juu ya ardhi. Kufifia kwenyewe ni maana. Bila kuandika neno, mchoraji amesema kwamba mpaka huu bado haujakufikia hapo chini.

Savannah ndicho kipande ninachokipenda. Uwanja umezungushiwa pete mbili za majenta. Ya ndani imeandikwa 41 juu ya SFC: kuanzia ardhini hadi futi 4,100. Ya nje imeandikwa 41 juu ya 13: inaanzia futi 1,300. Asiyejua kusoma anaona duara kubwa na kudhani kote ni marufuku. Anayesoma anaona rafu iliyoning'inia hewani. Pale ni karibu na bahari, ardhi iko chini, na droni yake ina kikomo cha futi 400. Akiwa chini ya pete ya nje, na kama hakuna mstari mwingine uliomkuta hapo, anarusha bila kuomba idhini. Sehemu moja ndogo, 41 juu ya 13, imebadilisha maana ya duara zima.

Rangi za viwanja nazo zinataka msomaji makini. Kiwanja cha bluu kina mnara wa kuongozea ndege, cha majenta hakina. Wengi husoma majenta kama "hapa hakuna noma". Lakini majenta haisemi kuna utupu. Inasema ndege zipo na hakuna mtu juu ya mnara wa kuzipanga, kwa hivyo wewe mwenye droni ndiye wa kupisha.

Shida ni jinsi tunavyofundishwa kusoma. Kila aliyepitia sekondari hapa Kenya anajua mwongozo wa setbook, kile kijitabu chembamba chenye maudhui, wahusika na majibu, kinachokufanya upite mtihani bila kufungua riwaya. Binamu yangu alikuwa na mwongozo wake pia: video zinazokariri "mstari huu, jibu hili". Na baada ya mtihani, mwongozo unahamia kwenye simu. Programu inakuonyesha miraba yenye namba kati ya 0 na 400, yaani futi ambazo unaweza kupewa idhini papo hapo. Ni kitu cha maana, sibishi. Inaokoa muda, na idhini ni lazima. Lakini mraba wenye 100 haukuambii kwa nini ni 100. Ramani inakuambia: ndani ya duara la uwanja kuna vistari vinavyoonyesha njia za kurukia zimelala upande gani. Ukiviona, unajua ndege itashuka ikitokea wapi, na utageuza kichwa upande huo. Ndani ya ndege hiyo kuna watu.

Hapa Nairobi jambo hili halihitaji kufikirika. Ndege ndogo za Wilson hupita chini juu ya mabati na maghorofa kila siku. Kanuni zetu za droni zilitoka 2020, na KCAA ndiyo inayotoa vibali. Madaraja ya anga yanatokana na mfumo mmoja wa kimataifa, kwa hivyo sarufi ya Savannah haipotei ukirudi nyumbani. Jiji letu limekaa zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari. Anayechanganya kimo cha bahari na kimo cha ardhi, hapa atapotea kwa maili nzima.

Sasa lawama yangu kwa ramani yenyewe. Kipimo chake ni 1 kwa 500,000, yaani sentimita moja ni kilomita 5. Droni lazima ibaki machoni pako, kwa hivyo safari yako yote ni milimita moja au mbili za karatasi. Na kwa kawaida kitu kisichozidi futi 299 hakichorwi, isipokuwa kionekane ni hatari. Nguzo, miti, matangi ya maji, vingi havimo. Kati ya futi 400 ulizopewa, robo tatu ya chini karibu yote ni ukurasa mtupu. Mwandishi hakukuchukia. Alikuwa anaongea na mtu aliye juu, anayetazama chini, na wewe umesimama chini unatazama juu, ukisoma barua ya mwenyewe.

Kwa hivyo anga hii ya chini bado inangoja mwandishi wake, na sioni kwa nini asitoke Eastlands. Kwa sasa, isome iliyopo yote, hadi kwenye mabano. Halafu inua kichwa uangalie nyaya za stima, kwa sababu nyingi kati ya hizo hakuna aliyekuandikia.