Uji wa Paa: Namna ya Kuipima Hekaya

Mwezi uliopita nilikaa ukumbini nikisikiliza riwaya mpya ya fantasia ikimiminiwa sifa. Ndani yake farasi mwenye mabawa anamtajirisha kijana fukara, kijana anamsahau, farasi anakufa, kijana anamlilia, na machozi yake yanamfufua. Kisha farasi anatoa hotuba ya ukurasa mzima kuhusu kuthamini kila dakika. Msemaji mmoja aliisoma hotuba yote kwa sauti, watu wakapiga makofi, kitabu kikaitwa darasa la maisha. Nilitoka na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Ukitaka kunionyesha kwamba wakati ukipita haurudi, usinirudishie maiti akiwa mzima ukurasa unaofuata.

Nami farasi yule namjua tangu utotoni. Ni paa wa kisa cha Sultani Darai, alichokiandika Edward Steere Unguja na kukichapisha London mwaka 1870 katika Swahili Tales. Maskini anachakura jaani kutafuta punje za mtama, anaokota thumni, anainunulia paa. Paa anaokota almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba, na bwana anairithi nyumba ya nyoka na mali yake yote. Halafu paa anaugua. Yeye yuko chini, bwana yuko juu. Bibi kizee anapanda ngazi kupeleka habari, na bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama.

Anayetaka kuijua hekaya nzuri na aanzie hapo kwenye uji, na atazame -ka-. Wasomaji huipima hekaya kwa majini yake na panga zake. Silabi hii moja hawaitazami kabisa. Mtambaji stadi akifika kwenye uji habadilishi mwendo. Bwana akala, akanawa, akaambiwa paa mgonjwa, akasema apewe uji, akajinyoosha. Amri imepita katikati ya kunawa na kujinyoosha, na -ka- iliyoibeba ni ileile iliyobeba tonge. Msikilizaji hajui kuwa amepitwa na jambo, kama bwana mwenyewe asivyojua. Mwanagenzi hawezi kulivumilia hilo. Akikaribia pazito huiacha -ka-, hukimbilia -li-, huanza kupamba: mwezi ulikuwa umezama, upepo ulikuwa ukilia, moyo wake ulikuwa umejaa simanzi. Anakushika mkono na kukuambia, hapa ndipo. Ukishaambiwa hapa ndipo huwezi tena kupitwa, na asiyepitwa hana la kujutia.

Stadi husimama kwingine. Bibi yangu mzaa mama, aliyetutambia kisa hiki barazani na kibatari nyuma yake, aliupitisha uji kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Safari za kizee, lakini, hakuziruka hata moja. Alikuwa akigonga mkeka kwa kidole, kipandio baada ya kipandio, kupanda na kushuka. Hapo ndipo -ki- na -na- zilipoingia: kizee akishuka, paa anasikiliza nyayo, kizee akikaribia, paa anainua kichwa. Tulipewa muda mrefu sana wa kulikumbuka neno lililokwisha kusemwa. Usiku mmoja mdogo wangu aliinuka katikati ya ngazi huku analia, akamtaka bibi arudi nyuma, bwana aulizwe tena.

"Keshasema, mjukuu wangu," bibi akamjibu, akaendelea kugonga.

Kwa hiyo msomaji ajiulize mambo mawili. Neno lile lilipita kwa mwendo gani? Na msimulizi alituchelewesha wapi? Akituchelewesha kabla ya neno, ni mwanagenzi. Akituchelewesha baada yake, mpe kahawa umsikilize mpaka alfajiri.

Nimewahi kumfuatilia mtambaji mmoja wa matamasha, hodari wa sauti, aliyetembea na leso mfukoni. Akifika kwenye kifo cha paa huitoa leso, hujifuta macho, na ukumbi mzima hulia naye. Nilimsikiliza mara tatu, na mara zote tatu machozi yalimtoka kwenye sentensi ileile. Mara ya tatu ndipo nilipogundua kwamba ngazi hazimo kabisa. Paa akaugua, paa akafa. Watu walikuwa wakimlilia yeye. Huo ni wizi, kwa sababu kilio kile kilikuwa haki ya paa.

Alama nyingine ni nyepesi. "Ghafla bin vuu" ikitokea zaidi ya mara moja katika sura, funga kitabu. Kiumbe cha ajabu lazima kiwe kimenunuliwa kwa bei ndogo, kama thumni ya paa, maana bei ndiyo inayompa bwana kisingizio cha kudharau. Mvua isinyeshe siku ya mazishi. Neno "funzo" lisionekane popote. Najua Shaaban Robert anapenda kuasa, lakini katika Adili na Nduguze, ya 1952, anamwingiza Adili katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na kwa ajili ya mji ule namsamehe mawaidha yote.

Wala sisemi ufufuo wenyewe ni kosa. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, mzee anatoka kaburini na kumtembeza mjukuu wake K, na hamrudishii alichokipoteza. Anamwonyesha tu. Ufufuo wa namna hiyo unauma kuliko kifo.

Mpwa wangu, anayedhani sisi wazee tunapenda vya kale tu, alinionyesha katuni ya Kijapani, Sousou no Frieren, iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe tangu 2020. Mchawi anayeishi zaidi ya miaka 1000 anamaliza safari ya miaka 10 na wenzake. Usiku huo wanatazama vimondo vinavyoanguka kila baada ya miaka 50, naye anaahidi kuwapeleka mara ijayo mahali panapoonekana vizuri zaidi, kama mtu anayeahidi kupita kesho. Anaporudi, Himmel, shujaa wao, ni kikongwe mwenye upara. Wanavitazama vimondo, na muda si mrefu Himmel anafariki. Kaburini ndipo mchawi anapolia, kwa kuwa hakujishughulisha kumjua. Ahadi ile imepita kwa -ka-, ingawa waliosimulia hawana -ka- katika lugha yao. Nilimwambia mpwa wangu kwamba hao wangekaa na bibi barazani bila aibu.

Baraza ile sasa ina mlango wa chuma, na watoto wa mtaa husikiliza hadithi za dakika 3 zenye muziki chini yake. Muziki nao hukuambia, hapa ndipo.

Katika riwaya ya farasi kijana anabaki na jumba lake. Bwana wa paa habaki na kitu. Bibi alilipitisha hilo nalo bila kupandisha sauti: akalala, akaamka, akajikuta jaani anachakura mtama. Alipofika kwenye mtama alikuwa keshaanza kukunja mkeka, na sisi bado tumeukalia.