Kuchora Kwetu: Mfano wa Sam Ntiro

Mwambie mwanafunzi wa Bungoma achore kwao, na aghalabu atakuletea maporomoko ya Nabuyole. Yule wa Kitale atakuletea Mlima Elgon, wa buluu, na ndege wachache juu yake. Picha za namna hii nimezisahihisha nyingi, wala si mbaya. Walakini jiulize, ewe msomaji: ni nani akaaye pale? Mlima wenye mita 4,321 haukuhitaji msaada wako ili uonekane.

Kwa ajili hiyo nataka umtazame mchoraji mmoja wa Kilimanjaro, Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993. Alijifunza uchoraji Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, kisha katika shule ya Slade, London. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa huko huko London kuwa balozi wake. Mtu wa safari kama huyo angaliweza kuchora mengi ya ugenini. Yeye alishikilia Uchagga wake: watu wakilima, wakivuna, wakibeba.

Picha yake ijulikanayo sana ni ya mwaka 1956, nayo imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Ni ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi, usiku. Angalia alichokichagua. Hakuichora karamu, wala ngoma, bali njia ya kuiendea arusi, na mzigo. Mbege hupikwa kwa ndizi na ulezi, kazi ya siku nyingi na mikono mingi; hata ifikapo kwa bibi arusi imekwisha kupita katika kijiji kizima. Fahari ya kwao imo humo, nasi twaiona pasipo kuambiwa.

Bungoma tunacho cha kulinganisha nacho. Mwezi wa Agosti, katika kila mwaka wa shufwa, vijana wa Kibukusu watakaotahiriwa hutembea wakipiga njuga zao, chinyimba, kuwaalika jamaa. Akifika kwa mjomba wake huchinjiwa ng'ombe, naye hurudi amevikwa kipande cha nyama shingoni. Wachoraji wetu hukimbilia kisu na tope la mtoni. Mimi naona Ntiro angaliichora ile njia ya kwenda kwa mjomba.

Hata hivyo sitamsifu kupita kiasi. Watu wake wamefanana mno. Mara nyingi huwezi kumtofautisha huyu na yule kwa uso. Wako wasemao kwamba ni sawa, kwa kuwa alichora jamii, hakuchora mtu. Hoja hiyo yaweza kufaa pale ambapo wote ni wa ukoo na lugha moja. Kitale haifai. Nyanda zile zilikuwa mashamba ya walowezi hata miaka ya 1960, na waliokuja kuzinunua na kuzilima baadaye walitoka kila upande: Wabukusu, Wakikuyu na wengineo, wakakaa karibu na Wasabaoti, Wapokoti na Waturkana waliokuwako. Ukichora "kwetu" yenye watu wa sura moja, umewaambia jirani zako kwamba wao si wa hapa. Maneno hayo si ya mchezo katika nchi hii ya chini ya Elgon. Yalimwaga damu mwaka 1992, na tena mwaka 2008.

Basi wewe wa Kitale, uache mlima kwa mwaka mmoja. Nenda mwezi wa Novemba, mahindi yakisha kuvunwa, ukasimame mbele ya ghala la nafaka, ambapo malori na matrekta yamepanga foleni tangu alfajiri, na wenye magunia wamelala juu ya mali yao. Wachore hao, na kila mmoja umpe uso wake. Katika jambo hilo la nyuso Ntiro hatakusaidia. Itakubidi uwatazame mwenyewe.