Habari Isiyatangulie Maji

Juu ya mji wa Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya kumwagilia, ilikuwa ikipeleka maji vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, kabla Johannes Rebmann hajaiona theluji ya mlima huo mwaka 1848. Mfongo hauna pampu. Maji huchepushwa kwenye banio la mto, yakafuata mteremko hadi kwenye migomba na kahawa. Siku ya kusafisha, banio hufungwa, tope na majani yakatolewa, kisha likafunguliwa tena. Mwenye kihamba cha mbali akipigiwa simu kwamba banio liko wazi, habari humfikia papo hapo, na maji bado yako njiani. Akianza kuhesabu zamu yake tangu alipoisikia habari, ataipoteza kwenye mfereji mkavu. Habari ni ya kweli, lakini imeyatangulia maji.

Waandishi wa maktaba za lugha ya C wanakutana na jambo hilohilo, na namna walivyolishika naihesabu miongoni mwa kazi safi kabisa za ufundi wa programu. Maktaba ina jedwali linalopaswa kutayarishwa mara moja tu, lakini nyuzi za programu, yaani njia za utendaji zinazokwenda kwa wakati mmoja, zinaweza kulihitaji zote pamoja. Nyuzi mbili zikilitayarisha kwa pamoja, mmoja utafuta kazi ya mwingine. Hilo kila mtu huliona. Hatari iliyojificha ni ya uzi wa tatu, unaokuja baadaye, ukakuta bendera ya "tayari" imepandishwa na kuingia moja kwa moja. Vichakataji vya ARM, vilivyomo katika simu tunazolipia bidhaa sokoni, vinaruhusiwa kuuonyesha uzi mmoja maandishi ya mwingine kwa mpangilio tofauti na yalivyoandikwa. Kompaila nayo huweza kuhamisha amri. Kwa hiyo uzi ule unaweza kuiona bendera kabla ya kuliona jedwali, ukasoma takataka.

Wajuzi wengi walinaswa hapo. Kwa miaka kadhaa ilisifiwa mbinu ya kuangalia bendera, kufunga kufuli, kisha kuangalia tena: ilionekana ya haraka na salama. Katika Java haikuweza kuwa sahihi hadi kanuni za kumbukumbu zilipoandikwa upya kwa toleo la 5 mwaka 2004, na mwaka huohuo Scott Meyers na Andrei Alexandrescu walionyesha hatari zake katika C++. Kosa lenyewe huweza kujificha kwa miezi, maana vichakataji vya kompyuta nyingi za mezani vina mpangilio mkali zaidi kuliko vya simu.

Jibu la kiwango cha POSIX cha mwaka 1995 ni pthread_once, funksheni inayohakikisha kwamba matayarisho yanafanywa mara moja tu, na C yenyewe ilipata call_once mwaka 2011. Katika maktaba ya C iitwayo musl, kazi yote ya pthread_once inabebwa na namba moja. Sifuri: hakuna aliyeanza. Moja: kuna anayetayarisha. Mbili: imekwisha. Tatu: kuna anayetayarisha na kuna wanaomngoja, ili anayemaliza asihangaike kuamsha watu wasiokuwepo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hata anayekuta mbili harudi hivihivi. Kwanza hupita kizuizi cha kumbukumbu, kinachohakikisha kwamba aliyeiona habari ameyaona na maji.

Atauliza mtu: kwa nini kila kitu kisitayarishwe mwanzoni, kabla ya nyuzi kuzaliwa? Mwenye programu nzima anaweza, na mara nyingi afanye hivyo. Mwandishi wa maktaba hana mwanzo wa kuumiliki. Maktaba yake huweza kupakiwa katikati ya safari, nyuzi zikiwa tayari mbioni. Mwingine atasema kufuli la kawaida linatosha. Ni kweli, na kufuli lisilogombaniwa ni rahisi. Ila hapo kila anayepita atalipa, milele, kwa ajili ya kazi iliyokwisha siku ya kwanza, na nyuzi zikiwa nyingi zitapanga foleni bure. Pingamizi zito ni jingine: funksheni inayopewa pthread_once hairudishi jibu, hivyo matayarisho yakishindwa, namba ile bado itasema yamekwisha. Huo ni upungufu wa kweli. Mwandishi hana budi kuhifadhi kosa mahali pake mwenyewe, na kila mtumiaji alikague.

Wewe kijana unayejifunza C, Moshi au kwingineko, usitunge bendera yako kabla hujaufungua msimbo wa pthread_once wa musl. Ni mistari michache tu. Kikombe kimoja cha kahawa ya mlimani kinatosha kuusoma. Ukifika kwenye kile kizuizi, simama hapo, na usiendelee mpaka uweze kueleza kwa nini kimewekwa.