Kihesabio Kinachoruka Namba

Zoezi la kwanza lenye uzito katika mantiki ya kidijitali ni kihesabio: bonyeza kitufe, namba iongezeke moja. Kwenye simulesheni hufaulu karibu kila mara. Kikipakiwa kwenye bodi, bonyezo moja huweza kutoa nne, linalofuata saba, na mwanafunzi akaanza kuishuku bodi. Bodi haina kosa. Simulesheni ilimpa kitufe safi, na kitufe safi hakipo.

Tuchukue Basys 3, bodi ya Digilent inayotumika sana vyuoni. Ina FPGA (chipu ambayo saketi yake hupangwa na mtumiaji) ya Artix-7, swichi 16, taa 16 na vitufe vitano. Saa yake hupiga mara milioni 100 kwa sekunde, yaani nanosekunde 10 kwa kila pigo, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ndani ya kitufe kuna vipande vya chuma ambavyo vikigusana hudundadunda, mara nyingi kwa milisekunde kadhaa, kabla ya kutulia. Kidole kinahisi bonyezo moja. Saketi inayotazama mara 100,000 katika kila milisekunde inaona mabonyezo mengi, na inayahesabu yote kama ilivyoagizwa.

Wengi wanaoanza huandika `always @(posedge btn)`, yaani wanakifanya kitufe kuwa saa. Vivado, programu inayogeuza msimbo wa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kuwa saketi halisi, kwa kawaida hulikataa jambo hilo, kwa sababu pini ya kitufe haiko kwenye njia maalumu ya saa. Ujumbe wa kosa wenyewe unataja mstari wa CLOCK_DEDICATED_ROUTE FALSE. Mwanafunzi anaunakili, kosa linashuka na kuwa onyo, faili linapakiwa, na namba zinaendelea kuruka. Mstari huo haufai kabisa kwa anayeanza: unamfundisha kunyamazisha chombo kilichokuwa kinamwambia kweli.

Tiba ni kubaki na saa moja tu na kukichukulia kitufe kama taarifa ya kawaida. Kwanza ipite kwenye flipuflopu mbili zilizofuatana, yaani saketi ndogo zinazohifadhi biti moja kila moja. Kitufe hakifuati saa, kwa hiyo kinaweza kubadilika pale pale pigo linapotua, na flipuflopu ya kwanza ikasita kwa muda kati ya 0 na 1. Ya pili huipa nafasi ya karibu pigo zima itulie. Hatari haiishi, lakini inapungua mno. Kisha kiwepo kipima muda cha biti 20 kinachoanza upya kila hali inapobadilika. Kikihesabu mapigo yote 1,048,576, zaidi kidogo ya milisekunde 10, hali mpya ndiyo inakubaliwa. Mwisho, linganisha hali hiyo na ya pigo lililotangulia, ili uongeze moja pale tu 0 inapogeuka 1. Ukiacha hatua hii, namba itapanda mara milioni 100 kwa sekunde kidole kikiwa bado juu ya kitufe.

Jaribio lenyewe linahitaji ustadi kama saketi. Upana wa kipima muda uwe parameta: biti 4 kwenye simulesheni, isije ikachukua muda mrefu bure, na biti 20 kwenye bodi. Kitufe cha simulesheni nacho kichafuliwe: 1, 0, 1, 0, 1, ndipo kitulie, na kwa vipindi visivyolingana na saa.

Kwenye bodi, anza na swichi moja inayowasha taa moja. Ikiwaka, pini hizo mbili zimeandikwa sawasawa kwenye faili la pini, na kiwango chao cha volti, LVCMOS33, kimetajwa. Baada ya hapo gawanya zile taa 16: nane za kushoto zionyeshe hesabu ya kitufe kilichopita kwenye flipuflopu na ulinganisho wa mwisho, bila kipima muda, nane za kulia hesabu iliyosafishwa. Bonyeza mara 20. Kulia lazima pasomeke 00010100. Kushoto huenda pakazidi, ingawa kitufe kizuri kinaweza kudunda kidogo sana. Jaribu vyote vitano kabla ya kutoa hukumu.

Walimu wa maabara, msikubali video ya taa zinazowaka kuwa ushahidi. Daini kwanza simulesheni yenye kitufe kichafu, kisha hizo hesabu mbili zikiwa bega kwa bega.