Mkikuyu aliyekuwa Ojwang

Watu wa Kasongo, mashariki ya Kongo, wana masikio makali. Mgeni akishuka kwenye pikipiki na kutoa salamu, kabla hajamaliza habari za njiani, waliokaa barazani wameshajua kama ametoka Kabambare kwa Wabangubangu au amekuja upande wa Kibombo kwa Wakusu. Kiswahili kilifika huku na misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, akina Tippu Tip. Mji ulitekwa na jeshi lililoongozwa na Wabelgiji mwaka 1893, Waarabu wakaondolewa, lugha ikabaki, na kila kabila likaivalisha nguo yake. Kwa hiyo mwigizaji anayetaka kutuchekesha kwa lafudhi ya watu wengine ajiandae. Yule mvivu tunamtambua upesi: anaharibu maneno mawili matatu, kisha anasimama kungoja kicheko.

Benson Wanjau, mwigizaji wa Kenya, hakungoja. Wakenya wengi hawakumjua kwa jina hilo. Kwao alikuwa Mzee Ojwang wa Vitimbi, mchezo wa runinga uliopendwa tangu enzi za Sauti ya Kenya, kituo kilichokuja kuitwa KBC mwaka 1989. Koti pana, kofia, mvi za kupakwa, na Kiswahili cha Mjaluo aliyezeeka nacho. Wajaluo wenyewe walimhesabu kuwa mwenzao. Kumbe alikuwa Mkikuyu.

Hapa inafaa tuende polepole, maana ufundi wenyewe uko hapa. Kijaluo hakina sauti ya "sh" wala ya "z", hivyo mzee wa Kisumu anaweza kukuambia ana "sida" nyumbani, na neno "zamani" likamtoka "samani". Hilo mtoto yeyote wa Nairobi anaweza kuliiga. Lakini Mkikuyu naye ana lafudhi yake: "r" na "l" humchanganya, na "b" humtoka ikiwa imetanguliwa na "m" ambayo hakuna aliyeiita. Wanjau alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Alipaswa kwanza kuufuta mdomo wa kwao usibaki hata na chembe, ndipo ajenge mwingine juu yake. Na wimbo wa sentensi ni mgumu kuliko herufi. Kijaluo si Kibantu. Mapigo yake ya kupanda na kushuka ni mengine kabisa, nayo ndiyo yanayomsaliti mwigaji.

Kipimo changu ni hasira. Mwigizaji akifoka, ulimi hurudi kwao wenyewe, bila kuomba ruhusa. Mtazame Ojwang anapofoka, anapobembeleza, anapodanganya na kujua kwamba ameshikwa: mzee ni yuleyule. Hachekeshi kwa sababu ni Mjaluo. Anachekesha kwa sababu ni mbishi, mwenye kiburi kuliko mfuko wake, na anamwogopa mkewe huku akijifanya hamwogopi. Lafudhi ni makazi yake tu. Mwigizaji wa kawaida angeifanya iwe ndiyo mzaha, na baada ya vipindi vitatu tungechoka. Ojwang alidumu miaka zaidi ya 20.

Mwishoni mwa mwaka 2007, baada ya uchaguzi, Wakenya waliuana, na jina la ukoo au namna ya kutamka neno iliweza kumponza mtu. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Siku hizohizo Mkenya aliyependwa sana kama Mjaluo kwenye runinga alikuwa Mkikuyu. Sisi wa mashariki ya Kongo, ambao tumeona mtu akiulizwa kwenye kizuizi anasema lugha gani, hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Sidai kwamba Vitimbi ilimwokoa mtu. Nasema tu kwamba kumwiga jirani kwa miaka mingi bila kumtukana jirani huyo ni kazi ngumu kuliko hotuba nyingi za umoja.

Haikumtajirisha. Macho yalipoanza kumsumbua uzeeni, Wakenya walichanga fedha ili atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi.

Anayetaka kujifunza asianze na zile sehemu ambazo Ojwang anapiga kelele. Aanze pale mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, yaani Mary Khavere, anapomsema. Wengi waliamini wawili hao ni mume na mke kweli, na sababu si maneno yao bali jinsi wanavyosikilizana. Khavere anasema, naye Wanjau hatayarishi jibu; anapokea kila neno usoni, anajaribu kulikataa, linamshinda. Mdomo unafunguka, unafungwa. Ndipo anajibu, na jibu lenyewe ni la kijinga kabisa, la mtu aliyekwisha shindwa na anayetaka tu kuwa wa mwisho kusema.