Sekunde 18 Ndani ya Duara Moja

Oktoba, saa saba mchana, simama kando ya barabara ya Dodoma kwenda Bahi uitazame chamchela ikinyanyuka. Vumbi jekundu linazunguka, linachukua majani makavu, linapotelea juu. Inua macho: mwewe wanne au watano wamekunjua mabawa, wanazunguka upande mmoja, na hakuna anayepiga bawa. Uwanda huu umeshika joto tangu asubuhi, na hewa yake sasa inapanda.

Hewa hiyo ndiyo petroli ya ndege isiyo na injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanabiolojia Mwingereza Colin Pennycuick aliitumia hapa hapa nchini. Alipaa Serengeti kwa ndege nyepesi, akazima injini, akazunguka pamoja na tumbusi ili ajue wanavyosafiri. Kinga yake na yao dhidi ya kugongana ilikuwa macho.

Kwenye mashindano ya ndege zisizo na injini, macho hayatoshi. Kabla mstari wa kuanzia haujafunguliwa, makumi ya ndege hubanana katika mkondo mmoja wa hewa inayopanda. Kanuni ni kwamba wote wafuate upande wa aliyetangulia kuzunguka. Hata hivyo, aliye chini yako amefichwa na sakafu ya ndege yako, na anayekujia uso kwa uso, kwa mabawa yale membamba meupe, ni uzi tu angani.

Mwaka 2004 ndipo kifaa cha FLARM kilipotoka Uswisi, kazi ya Urs Rothacher na Andrea Schlapbach. Kinapata mahali kilipo kwa GPS na kimo kwa shinikizo la hewa, kinakadiria njia ya sekunde chache zijazo, kisha kinaitangaza kwa redio kila sekunde. Kifaa cha jirani kinalinganisha njia hiyo na yake. Zikielekea kukutana, taa na mlio huanza kama sekunde 18 kabla, na mlio unazidi kuharakisha kadiri muda unavyopungua.

Ubora wake uko kwenye makadirio hayo. Ndege mbili zilizo pande mbili za duara moja hukaa karibu muda wote bila kugongana. Mtambo wa TCAS wa ndege za abiria, unaopima jinsi ndege zinavyokaribiana, ungepiga kelele kutwa nzima. FLARM inatambua kwamba ndege inazunguka, inakadiria njia iliyopinda, na inanyamaza pasipo na hatari. Kengele inayolia ovyo rubani huizoea, na siku ya hatari haisikii.

Tena haimwamrishi apande au ashuke. Inamwonyesha upande wa kutazama, uamuzi anaufanya mwenyewe.

Tatizo lililozuka ni la kimbinu. Kioo cha kifaa hicho kinaonyesha pia mshindani wa mbali anapanda kwa kasi gani, basi wengine wakaanza kumwandama aliyepata hewa nzuri. Ikawekwa hali ya kujificha: kengele ya hatari inabaki, lakini ndege za mbali zinafutika kiooni. Naelewa uchungu wa aliyeitafuta hewa kwa jasho lake, ila sikubaliani na dawa hiyo. Rubani anayeingia kwenye duara lenye ndege 20 anahitaji kuwa amekwisha kuzihesabu akiwa bado mbali. Akisubiri kengele, amebakiwa na sekunde 18, na ndani ya hizo bado hajageuza shingo.