Jiwe Kavu na Jiwe Lililolowa: Vipimo Viifaavyo Reli ya Ruvu–Mnyusi

Msafiri atokaye Bagamoyo, akauvuka Mto Wami kuelekea Mkange wakati wa masika, hahitaji mwalimu wa kumfahamisha kwamba adui wa njia katika bara hii ni maji. Kwani mchanga ukomapo na udongo mweusi wa mabondeni uanzapo, ardhi iliyokuwa imepasuka nyufa wakati wa kiangazi huvimba kwa mvua, ikalainika, ikakataa mzigo. Katika bara hiyo hiyo ya Bagamoyo ndimo ilimopitishwa, mwaka 1963, reli ya kiasi cha kilomita 188 kutoka Ruvu hadi Mnyusi, iliyoiunganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893; nayo ndiyo iliyorudi kupitisha treni za Dar es Salaam na Moshi mwaka 2019, baada ya kimya cha miaka mingi.

Mwenye dhamana ya reli kama hiyo, akitaka kuyajua mawe na udongo wake, hukabiliwa na vipimo vingi vya maabara, na aghalabu huchagua kile ambacho mashine yake ipo tayari. Mimi naona uchaguzi huo umeanza mahali pasipo pake, kwa kuwa kipimo hupata thamani kwa kufanana na madhara yatakayoipata njia.

Tazama kokoto. Katika jaribio la Los Angeles, kwa kawaida ya Ulaya, kilo 10 za kokoto ya reli hutiwa katika pipa la chuma pamoja na mipira 12 ya chuma, likazungushwa mara 1,000, kisha kikapimwa kiasi kilichosagika hata kupita chekeche la milimita 1.6. Hukumu yake ni ya haki, maana taruma huigonga kokoto kila ekseli ipitapo. Ila kokoto hiyo hugongwa ikiwa kavu. Jaribio la Micro-Deval huondoa mipira, likatia lita 2 za maji, mawe yakasuguana yenyewe kwa yenyewe mizunguko 14,000. Na jiwe lililoanza kuoza kwa ndani, ambalo lilistahimili mapigo likiwa kavu, hapo hudhihirisha udhaifu wake. Unga wake ukichanganyika na maji huwa tope, tope likaziba mianya ambayo maji yalikuwa yakitokea, na taruma likabaki likiogelea. Kwa bara ya Mkange, basi, majaribio yote mawili ni faradhi, na nikilazimishwa kuacha moja sitaacha la maji.

Kuhusu tuta, wahandisi wetu wa barabara walikwisha kuonyesha busara. Mwongozo wa vipimo wa Maabara Kuu ya Vifaa vya Ujenzi, uliotolewa mwaka 2000, unazo taratibu za kuupima udongo kwa CBR, jaribio la uwezo wake wa kubeba mzigo, baada ya kuulowesha siku nne, na uvimbe wake ukaangaliwa. Reli yafaa kuiazima busara hiyo, lakini kwa tahadhari: CBR huusukuma udongo kwa nguzo ya chuma mara moja tu, polepole, hali treni huupiga na kuuachia mara maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo CBR itumike kuchambua udongo mwingi kwa gharama ndogo, kisha sampuli chache za udongo mweusi, zile zenye shaka, zipelekwe kwenye jaribio la mzigo unaorudiwarudiwa, ambalo ni la ghali na la siku nyingi, lakini ndilo linalosema lugha ya treni.

Yako pia mambo yasiyo ya maabara kabisa. Mto Mkondoa ulipoibomoa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, swali lilikuwa la mkondo, makalvati na madaraja. Hakuna pipa wala chekeche ambalo lingelijibu. Lakini tope lililokwisha kujikusanya chini ya mataruma laweza kuulizwa asili yake: sampuli ichotwe mara masika yanapokoma, kutoka kitako cha kokoto na si juu yake, ipite kwenye chekeche na vipimo vya unyevu vya Atterberg, ijulikane kama ni unga wa jiwe au ni udongo wa tuta uliopanda, kwani wa kwanza dawa yake ni kubadili machimbo, na wa pili ni kuitengeneza mifereji na kulitibu tuta.